William Marshal: mtiifu kweli au mjanja tu?

Watu wakimtaja William Marshal, Earl wa Pembroke, yule kabaila wa Uingereza aliyetumikia wafalme kibao, sifa ya kwanza ni utiifu. Mi nakubali nusu, maana ukimfuatilia vizuri huyu mzee unaona viapo vyake vilikuwa na mlango wa nyuma.

Mwaka 1173 Henry kijana, mtoto wa mfalme Henry II wa Uingereza, anamwasi baba yake na Marshal yuko upande wa mtoto, yaani mwasi kabisa. Ikifika 1189 yuko na Henry II mwenyewe, wanakimbizwa na Richard, mtoto mwingine wa mfalme, karibu na mji wa Le Mans huko Ufaransa, Marshal anageuka na mkuki, anaua farasi wa Richard anamwacha Richard mwenyewe. Wiki chache mbele Richard ndo mfalme, na badala ya kumlipizia anamwoza Isabel de Clare, binti mwenye urithi wa ardhi Wales mpaka Ireland. Wanaomtetea wanasema Richard aliona huyu ni mtu asiyemtupa bwana wake hata mambo yakienda kombo, na hapo sina ubishi.

Ila 1205 ndo inanipa shida. Mfalme sasa ni John, mdogo wake Richard, na keshapoteza Normandy, jimbo la Ufaransa. Marshal ana mashamba yake kule Longueville, hataki yaende, basi anaenda kumwapia Philip, mfalme wa Ufaransa, huku bado ni mtu wa John. Alidai John alimruhusu, John akaruka. Kisha John anaita watu wakapigane Poitou, huko huko Ufaransa, na jamaa anagoma, eti hawezi kupigana na bwana wake Philip! John akachukua mtoto wake mkubwa akae kama rehani, baadaye na wa pili. Mfalme mbaya ndiyo, lakini kwa hili unamlaumuje?

Halafu uasi wa makabaila dhidi ya John, 1215. Marshal kabaki na John, mtoto wake mkubwa yuko kwa waasi, tena ni mmoja wa wale makabaila 25 waliopewa kazi ya kuisimamia Magna Carta, hati ya kumwekea mfalme mipaka. Wengine wanasema ilipangwa, yeyote akishinda familia inabaki salama. Inawezekana, ila vita ile iligawa nyumba nyingi, na dogo naye alikuwa na sababu zake, si alishawahi kuwekwa rehani na John huyo huyo.

Kinachonifanya nimheshimu ni Oktoba 1216. John amekufa, mrithi wake Henry III ana miaka tisa, London iko mikononi mwa Louis mtoto wa Philip, aliyeitwa na waasi, hazina haina kitu. Kwa mtu mwenye ardhi Normandy njia rahisi ilikuwa kuhamia kwa Louis, hakuna ambaye angeshangaa. Yeye na miaka yake kama 70 akakubali kusimamia ufalme, na Novemba pamoja na mjumbe wa Papa akairudisha ile Magna Carta iliyokuwa imefutwa, sasa waasi wanapigania nini tena? Wakaanza kurudi taratibu, mtoto wake akiwemo.

Mei 1217 kwenye vita ya Lincoln dhidi ya watu wa Louis mzee alikuwa na papara mpaka akataka kuingia bila kofia ya chuma, kijana wake wa kazi ndo akamkumbusha. Wakashinda, ila askari wake wakapora mji mpaka makanisa, na wanawake waliokimbilia kwenye boti na watoto wao wakazama mtoni. Wasifu wake mrefu wa mashairi, uliolipiwa na mwanae, hauwezi kukaa sana hapo.

Septemba akamwacha Louis aondoke, tena na marki 10,000 (pesa za enzi hizo) juu, badala ya kumkamata. Henry III alipokuwa mtu mzima aliliita jambo hilo usaliti. Mi naona Marshal alikuwa sahihi, London ingezingirwa kwa hela gani? Lakini siwezi pia kusahau kwamba Louis ni mtoto wa Philip, na Philip ndo bwana aliyeapiwa kwa ajili ya Longueville. Marshal akafa Mei 1219, na mwaka huo huo mjane wake Isabel akavuka bahari kwenda kwa Philip, akakabidhiwa mashamba yote ya Normandy.