Katazo la saa tisa alasiri: England inamlinda nani?

Kila Jumamosi ya msimu, saa tisa alasiri ya Uingereza ikigonga, shabiki aliyeketi kwenye kibanda umiza cha Mbagala anaweza kutazama mubashara mechi ambayo shabiki mwenzake, anayeishi mtaa wa pili kutoka uwanja inapochezwa, haruhusiwi kuiona kwenye televisheni yake. Kwetu huwa ni saa 11 jioni, au saa 12 katika miezi ya baridi Waingereza wanaporudisha saa zao nyuma. Kwao, kuanzia saa 8:45 mchana hadi saa 11:15 jioni, hakuna kituo kinachoruhusiwa kurusha mechi ya soka moja kwa moja, hata iwe ya Hispania. Katazo hilo lina umri wa miaka 60 hivi, na bado linawagawa mashabiki, makocha na wenye vituo. Mimi nalitazama kutoka upande ambao haliufikii, na naamini upande huu una ushahidi ambao Waingereza huuruka wanapobishana.

Asili yake inahusishwa zaidi na Bob Lord, muuza nyama aliyekuwa mwenyekiti wa Burnley. Miaka ya 1960, klabu ziliishi kwa viingilio vya getini, na hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: mechi ya Manchester United ikionyeshwa sebuleni Jumamosi alasiri, mtu wa mji mdogo hatatoka nyumbani kwenda kuitazama timu ya mji wake. Lord alikuwa na msimamo mkali kiasi cha kuzizuia kwa miaka kadhaa kamera za BBC zisiingie Turf Moor, uwanja wa Burnley, hata kuchukua vipande vya mechi vya kuonyeshwa usiku. Leo msingi wa kisheria ni kifungu cha 48 cha katiba ya UEFA, kinachokiruhusu kila chama cha soka kuchagua saa mbili na nusu za mwishoni mwa wiki ambazo televisheni itafungiwa. England na Scotland wanakitumia; Ujerumani, Hispania na Italia hawakitumii.

Wanaolitetea katazo hutaja klabu ndogo kama Accrington Stanley, ambayo ina majirani wakubwa Burnley na Blackburn, na Manchester haiko mbali. Kwa klabu ya namna hiyo, tiketi, chai na mkate wa nyama unaouzwa wakati wa mapumziko si mapato ya ziada, ni sehemu ya mshahara wa wachezaji. Mashabiki mia mbili au mia tatu wakiamua kubaki nyumbani, pengo linaonekana kwenye hesabu za mwezi. Hoja hiyo siwezi kuibeza. Hata hivyo, isivutwe kupita kiasi: Bury ilifukuzwa kwenye ligi mwaka 2019 kwa sababu ya fedha, na katazo lilikuwepo muda wote huo. Kumzuia jirani asitazame televisheni hakumzuii mmiliki asiendeshe klabu vibaya.

Upande wa pili una silaha nzito zaidi, na silaha hiyo imetolewa na Ligi Kuu ya England yenyewe. Mkataba wa matangazo ulioanza msimu wa 2025/26, wa miaka minne na wenye thamani ya pauni bilioni 6.7, umevipa vituo vya televisheni vya Sky na TNT haki ya kurusha hadi mechi 270 kati ya 380 za msimu, kutoka takriban 200 za mkataba uliotangulia. Kila mechi isiyochezwa saa tisa ya Jumamosi sasa inaonyeshwa. Kinacholindwa, kwa hiyo, ni mechi 110 hivi, na nyingi kati yake si zile ambazo mtu wa Accrington angezisusia timu yake ili azitazame. Vigogo wanapokutana hupangiwa Jumapili au Jumamosi jioni. Ni vigumu kuamini kwamba Bournemouth dhidi ya Brentford ndiyo itakayoua daraja la nne.

Kuna pia suala la wizi wa matangazo, ambao katazo linauchochea bila kukusudia. Mechi inarekodiwa na kamera zilezile na inauzwa kihalali nchi nyingi duniani. Kilichobaki ni mjanja kuirudisha Uingereza kwa mlango wa nyuma. Mwenye baa mmoja wa Portsmouth alifanya hivyo kwa king'amuzi cha Ugiriki, kesi yake ikafika Mahakama ya Ulaya iliyotoa hukumu mwaka 2011, na mwaka uliofuata hatia yake ikafutwa. Siku hizi hata baa haihitajiki, kijiti kidogo cha intaneti nyuma ya televisheni kinatosha. Mwaka 2023 watu watano waliohusika na mtandao mmoja wa kuuza matangazo ya wizi walifungwa vifungo vinavyozidi miaka 30 kwa jumla, lakini soko lao halikufungwa pamoja nao.

Jambo ambalo halitajwi sana ni jinsi katazo linavyopanga ratiba. Mechi ya mapema ya Jumamosi huanza saa 6:30 mchana kwa sababu lazima imalizike kabla ya saa 8:45. Ile ya jioni huanza saa 11:30, robo saa baada ya mlango kufunguliwa. Ukimsikia kocha akilalamikia mechi ya mchana, ujue saa hiyo imezaliwa na Bob Lord. Novemba 2020, baada ya Liverpool kucheza na Atalanta Jumatano usiku na kutoka sare ya 1-1 na Brighton Jumamosi mchana, Jürgen Klopp, kocha wa Liverpool wakati huo, alimgeukia mtangazaji Des Kelly uwanjani na, kwa kejeli, akampongeza kwa jeraha la mchezaji wake James Milner. Chris Wilder, wakati huo akiwa kocha wa Sheffield United, alimwona Klopp mbinafsi. Nadhani wote wawili walikuwa na lao la haki: miguu ya Milner haikuwa na muda wa kupona, na klabu ya Wilder iliishi kwa fedha za vituo hivyohivyo.

Je, katazo likiondolewa ratiba itatulia? Hapa ndipo napunguza kasi, kwa sababu mifano miwili mikubwa inakinzana. Ujerumani, mechi kadhaa za Jumamosi huanza pamoja saa 9:30 alasiri na zote huonyeshwa, ilhali viwanja vya madaraja ya chini vina watu wengi. Lakini Mjerumani hulipa kiingilio kidogo, anaweza kusimama jukwaani, na klabu kwa sehemu kubwa ni ya wanachama. Hispania, kwa upande mwingine, karibu kila mechi ina saa yake, kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu usiku, na shabiki wa ugenini husafiri kwa kufuata matakwa ya kituo. Naiona England, kwa tamaa ya mapato ilivyo, ikielekea Hispania. Katazo ndilo linalofanya mechi chache zibaki saa tisa, maana kituo hakipati faida kuzihamisha zote.

Sasa turudi huku ambako hakuna ngao. Kenya, kampuni ya matangazo ya SuperSport ilipovunja mkataba wake na ligi ya nyumbani mwaka 2017, baada ya mvutano kuhusu kuongeza timu kutoka 16 hadi 18, mechi za Arsenal na Chelsea ziliendelea kujaza vibanda jioni za Jumamosi. Ukisikiliza hilo tu, utasema Lord aliona mbali. Lakini Tanzania ina Ligi Kuu ya England ileile, vibanda vilevile, na bado Simba na Yanga zikikutana Uwanja wa Mkapa hujaa. Tofauti moja ni kwamba mwaka 2021 Azam Media ilisaini na shirikisho la soka la nchi, TFF, mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6, na ligi ya nyumbani iko kwenye skrini kila wiki. Televisheni iliyodhaniwa kuwa adui ikawa mtangazaji wake. Sidai kuwa tatizo limeisha. Timu ndogo nyingi za Bara huona umati pale tu Simba au Yanga zinapokuja. Hilo, hata hivyo, ni tatizo la wakubwa wawili wa Kariakoo, na Manchester haihusiki.

Kwa sababu hiyo, nimeegemea kulibakiza katazo kwa sasa, ingawa si kwa sababu alizozitoa Lord. Mkataba wa Ligi Kuu na ule wa Sky na ligi za chini vyote vinamalizika mwaka 2029, na hapo ndipo mazungumzo ya kweli yatakapofanyika. Ligi Kuu ikitaka kuziuza zile mechi 110, iweke kwanza mezani sehemu ya fedha hizo kwa klabu 72 za madaraja ya chini, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba, na ifungwe isizihamishe mechi hizo kutoka saa tisa. Bila masharti hayo mawili, atakayefaidika ni kituo, na mtu wa Accrington atakuwa amelipia mara mbili.