Nobu Nzito ya Gia: Uzito Unasaidia Wapi, na Unaficha Nini

Nobu ya gia, yaani kile kichwa cha mkono wa gia ambacho dereva hukikamata, ni kitu kidogo kinachozusha ubishi mkubwa miongoni mwa wapenzi wa magari ya michezo. Wanaotetea nobu nzito ya kukerezwa husema kwamba gia huingia kwa ulaini, kana kwamba zinavutwa kutoka chini. Wanaoipinga husema kwamba uzito huo unaimaliza giaboksi polepole. Nitazipima hoja hizi kwa gari moja, Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, iliyozinduliwa Chicago mwaka 1989, kwa sababu mkono wake wa gia umesimama juu ya giaboksi moja kwa moja, bila kebo katikati, na badiliko lolote linalofanywa juu huhisiwa mara moja kiganjani.

Tufe lenye kipenyo cha milimita 50 lina ujazo wa takriban sentimita za ujazo 65. Likikerezwa kwa plastiki ngumu litakuwa na gramu 90 hivi, kwa alumini gramu 175, kwa chuma cha pua karibu 510, na kwa shaba ya njano karibu 550, kabla ya kutobolewa tundu la nyuzi za skrubu. Tofauti hiyo si ndogo. Dereva anapotoka gia ya pili kwenda ya tatu, mkono wa gia haupiti njia tupu: hufika mahali ambapo pete ya sinkronaiza husuguana na koni ya gia mpaka kasi zao zilingane, na hapo dereva huhisi kizuizi kifupi kabla ya meno kuingia. Nobu nzito iliyokwisha kushika mwendo haisimami kwa urahisi kwenye kizuizi hicho, bali huendelea kusukuma, na kile kilichokuwa mikwaruzo miwili mitatu huhisiwa kama msukumo mmoja. Watetezi hawajidanganyi katika hili.

Hata hivyo, kiganja cha mtu mzima kina uzito unaokaribia nusu kilo, na nyuma yake kuna mkono mzima. Anayeikamata nobu kwa ngumi tayari ameufunga mzigo huo juu ya mkono wa gia, kwa hiyo gramu 300 za ziada hazibadilishi mengi kwake. Anayefaidika ni yule anayesukuma kwa kiganja kilicho wazi au kwa vidole viwili, akiiacha nobu imalizie safari. Naamini hiyo ndiyo sababu madereva wawili huendesha gari lilelile, lenye nobu ileile, na kutoa ushuhuda unaopingana bila yeyote kati yao kusema uongo.

Hoja ya uharibifu inahitaji uangalifu zaidi. Mara nyingi hulinganishwa na kosa la kupumzisha mkono juu ya gia, ambalo kweli huubana uma wa gia, yaani kipande cha ndani kinachosukuma gia ziingie, dhidi ya pete inayozunguka. Lakini uzito wa nobu huelekea chini zaidi, kwenye egemeo, yaani pale mkono wa gia unapobembea, na si pembeni. Gari likifunga breki kwa nguvu kiasi cha kumsukuma dereva mbele kwa nguvu sawa na uzito wake mwenyewe, nobu ya nusu kilo itausukuma mkono wa gia mbele kwa nyutoni 5 tu, nguvu ndogo ambayo springi za kushikilia gia, zikiwa nzima, huimudu. Zikiwa zimechoka, mambo hubadilika: gia ya pili na ya nne huingizwa kwa kuvuta nyuma, na msukumo wa mbele wakati wa breki unazielekeza kwenye huru. Ningemshauri mwenye giaboksi inayotema gia asifunge nobu nzito kabisa.

Jambo linaloniudhi ni nobu nzito inapotumiwa kama dawa ya maumivu. Niliwahi kuufungua mkono wa gia wa MX-5 ambayo mwenyewe alikuwa ameifungia nobu ya chuma kwa sababu gia zilikuwa ngumu na mkono unachezacheza. Ndani, kikombe cha nailoni kinachoshika ncha ya chini kilikuwa kimepasuka, mpira wa kuzuia oili umechanika, na kichumba kinachopaswa kuwa na oili yake peke yake kilikuwa kikavu, kikiwa na ukoko mweusi tu. Vipuri vile ni vya bei ndogo. Baada ya kuvibadilisha tulirudisha nobu ya zamani kwa majaribio, na gia ziliingia vizuri kuliko zilivyokuwa zikiingia kwa ile ya chuma. Vivyo hivyo, ugumu wa gia ya pili asubuhi kabla oili haijapata moto, unaojulikana sana katika magari haya, hautibiwi kwa uzito. Nobu huufanya usihisiwe tu, huku pete ya sinkronaiza ikiendelea kulazimishwa.

Watengenezaji wenyewe hawajakubaliana. Porsche ilifunga nobu ya mbao nyepesi ya balsa kwenye gari la mashindano la 917, lililoshinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1970, na baadaye ikaienzi kwa nobu ya mbao katika gari lake la barabarani, Carrera GT. Honda nayo, ilipoifanyia Civic Type R marekebisho ya mwaka 2020, iliweka nobu ya alumini yenye umbo la tone na kizito cha gramu 90 ndani yake. Kipimo hicho cha Honda kinanifundisha zaidi kuliko nobu za nusu kilo zinazosifiwa kila siku: nyongeza ni ya kiasi, na imefichwa mahali pake.

Anayechora nobu yake aanze na urefu kabla ya uzito. Mkono wa sentimita 20 kutoka kwenye egemeo ukirefushwa hadi 25, nguvu inayohitajika hupungua kwa asilimia 20, lakini safari ya kiganja huongezeka kwa asilimia 25, na ukaidi wa uzito uleule dhidi ya kuanza na kusimama huongezeka kwa asilimia 56. Nobu nzito ikiwa ndefu pia, ile raha ya MX-5, ya gia fupi zinazobadilishwa kwa kifundo cha mkono tu, hupotea. Kwa gari hili mimi ningesimama kati ya gramu 200 na 300, kiini cha chuma ndani ya ganda la plastiki ngumu, kwa sababu chuma kitupu kilichoachwa juani hakishikiki, na shaba ya njano huacha harufu kiganjani siku nzima. Nyuzi ziwe M10, yaani za kipenyo cha milimita 10, zenye hatua (umbali kati ya uzi na uzi) ya milimita 1.25. Nobu za Honda zina hatua ya 1.5: huanza kuingia vizuri kabisa, kisha hukwama kwenye mzunguko wa pili au wa tatu, na anayeongeza nguvu hapo anazikata nyuzi za mkono wa gia wenyewe.