Gunia la Uyole na parameta isiyoandikwa

Ukiuliza bei ya viazi Uyole, unatajiwa gunia na shilingi zake, basi. Kama ni la kilo 100 au ni lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, mtu wa soko anajua bila kuambiwa. Parameta fiche za Scala, lugha ya kuandikia programu, hufanya hivyohivyo: funksheni (kipande cha msimbo chenye kazi yake) inadai kitu, wewe hukiandiki, kompaila, yaani programu inayotafsiri na kukagua msimbo, inakitafuta yenyewe kwa kufuata aina yake (ni namba, maandishi au kitu kingine) na kukipachika.

Wanaozitetea wana hoja nzito. Katika programu ya mahesabu ya mazao niliyoiandika hapa Mbeya, kipimo, yaani kilo za gunia moja, kilipita kwenye funksheni 11, na mbili tu ndizo zilizokitumia. Zilizobaki zilikipokezana tu. Nilipokifanya fiche, msimbo ulisomeka vizuri mno.

Kisha hesabu zikapotoka. Faili moja lilikuwa limeingiza kipimo cha debe badala ya gunia. Vyote viwili vilikuwa namba tupu, kwa hiyo kompaila haikuwa na la kulalamikia. Vingekutana mahali pamoja vikiwa na kipaumbele sawa, ingekataa kwa kushindwa kuchagua. Ila kilikuwemo kimoja tu, nacho kikapita.

Dawa ni aina dhahania, wazo ambalo Barbara Liskov na wenzake walilijenga katika lugha ya CLU miaka ya 1970: jina la aina linaonekana, umbo lake la ndani linafichwa. Debe na gunia zikawa aina mbili, kosa likakataliwa kabla programu haijaendeshwa. Gharama yake ni kwamba hata kujumlisha na kulinganisha inabidi uviandike mwenyewe.

Lakini lumbesa nayo ni gunia. Hapo aina haikuokoi, kwa sababu thamani zote mbili ni halali. Haskell, lugha nyingine ya programu, inayofuata madaraja ya aina ya watafiti Wadler na Blott ya 1989 (daraja hutaja kazi ambazo aina inapaswa kuziweza, kama kulinganisha), inataka kila aina iwe na jibu moja kwa kila daraja, hivyo seti iliyopangwa kwa mpangilio mmoja haitafutwi kwa mwingine. Scala inakuachia uchague. Scala 3 ya mwaka 2021 imeleta maneno mapya, given na using, na nia inasomeka wazi zaidi, ila uhuru ni uleule.

Mimi nimekirudisha kipimo cha gunia kwenye funksheni zote 11, kimeandikwa waziwazi. Kilichobaki fiche ni namna ya kulinganisha kilo na kilo, kwa kuwa jibu lake ni moja, Uyole hata Mafinga.