Malango ya Jinja na ziwa lisilotulia

Ziwa Victoria likikauka, lawama huenda Jinja, mji wa Uganda ambako Nile inatoka ziwani kupitia bwawa lenye malango. Likijaa, huenda Jinja vilevile. Mwaka 2006, maji yaliporudi nyuma na mialo ya Mwanza na Kisumu ikabaki tope tupu, kilio kilikuwa kwamba Uganda wanatumalizia ziwa ili wapate umeme. Mwaka 2020 maji yalipoingia vibandani Dunga ya Kisumu na Ggaba ya Kampala, kilio kikageuka: Uganda wamefunga malango, wafungue. Kilio cha kwanza kilikuwa na ukweli mwingi kuliko Kampala ilivyotaka kukiri wakati ule. Cha pili kina ukweli kidogo sana. Lakini vyote vinatoka kwenye dhana moja, kwamba mwenye malango ndiye mwenye ziwa, na kwamba udhibiti mzuri ni ule unaoyaweka maji palepale mwaka hadi mwaka.

Kabla ya 1954 hapakuwa na lango la kufunga wala kufungua. Maji yalitoka kwenye maporomoko ya Ripon, na mwamba ndio uliokuwa mwamuzi: ziwa likipanda, maji yanayopita juu yake yanaongezeka, likishuka, yanapungua. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilipojengwa, maporomoko yakazama, na Uingereza ikakubaliana na Misri kwamba bwawa litaachia maji kwa kiasi kilekile ambacho mwamba ungeachia. Kiasi hicho kikachorwa kama mstari mmoja: huku kina cha ziwa kwenye kipimo cha Jinja, kule mita za ujazo kwa sekunde. Ndio mchoro wa makubaliano, na ndio ninaotaka kuutetea, kwa sababu umesemwa vibaya kuliko unavyostahili.

Wanaousema vibaya wana hoja, tena si za kubeza. Ni karatasi ya kikoloni. London iliafikiana na Cairo juu ya maji ya watu ambao hawakuwa na kiti mezani, na Uganda huru ikarithi masharti ambayo haikuyaandika. Halafu kuna umeme. Mchoro unamwambia mwendesha mitambo apunguze maji wakati wa kiangazi, yaani pale hasa anapoyahitaji. Hospitali na viwanda vinakaa gizani, ziwa limelala pale lina maji kuliko mtu anavyoweza kufikiri, na kinachozuia ni utii kwa mwamba uliokwisha kuzama. Mhandisi wa Kampala akiuliza kwa nini tujenge bwawa halafu tulilazimishe kujifanya halipo, swali lake ni la haki.

Jibu naanza kulitafuta mwilini. Ukinywa maji mengi, mkojo unakuwa mwingi na mweupe. Ukishinda juani, unakuwa kidogo, wa njano iliyokolea. Hakuna daktari atakayesema figo zimeshindwa kazi kwa kuwa mkojo haulingani jana na leo. Mkojo unayumba ili damu isiyumbe. Shinikizo la damu likipanda, figo huachia chumvi na maji zaidi, likishuka, huzuia. Arthur Guyton, mwanafiziolojia wa Mississippi, alilichora jambo hili kama mstari: huku shinikizo, kule kiasi kinachotoka. Ukiuweka mchoro wake karibu na ule wa Jinja utaona ni ndugu. Yote miwili ni mirejesho hasi: kitu kikizidi, kinajifungulia chenyewe njia ya kupungua. Na yote miwili inakubali kwamba kitu fulani lazima kiachwe huru kibadilike. Mtu mwenye presha, kwa maelezo ya Guyton, hajapoteza udhibiti wake. Mstari wake umesogea, figo zinangoja shinikizo kubwa zaidi ndipo ziachie.

Sasa tazama bwawa linaloendeshwa kwa kufuata mahitaji ya umeme badala ya kina cha ziwa. Umeme wa maji unategemea vitu viwili, wingi wa maji na kimo yanakotokea kuanguka. Pale Jinja kimo hicho ni karibu mita 20. Ziwa likishuka mita moja, karibu asilimia tano ya nguvu ya kila lita imekwenda. Ukitaka megawati zilezile, itabidi upitishe maji mengi zaidi. Ukipitisha mengi zaidi, ziwa linashuka zaidi, na kila lita inazidi kudhoofika. Huo ni mrejesho chanya, na hauna breki ndani yake. Breki lazima itoke nje, kwa mvua au kwa amri. Mwamba wa Ripon usingeweza kufanya hivyo hata kwa bahati mbaya.

Yaliyotokea 2004 na 2005 ndiyo hayo. Kituo cha Kiira, kilichoanza kazi mwaka 2000, kilikuwa kimeongeza mitambo kando ya kile cha zamani, ila ziwa lilibaki lilelile moja. Ukame ukaja, mahitaji ya umeme yakaongezeka, na maji yaliyoachiwa yakauvuka mchoro. Mwanzoni mwa 2006 mwanahaidrolojia wa Umoja wa Mataifa aliyekuwa Nairobi, Daniel Kull, akatoa hesabu yake: ukame ulichangia asilimia 45 ya kushuka kwa ziwa katika miaka hiyo miwili, na bwawa asilimia 55.

Namba hizo zilirudiwa kila mahali, na kila mtu alisoma anachotaka. Waliokuwa na hasira walisoma 55. Serikali ya Uganda ilisisitiza ukame. Mimi kinachonivutia ni jinsi hesabu yenyewe ilivyowezekana. Asilimia 55 ya nini, ikilinganishwa na nini? Ikilinganishwa na yale ambayo mchoro ungeachia katika siku zilezile, kwa kina kilekile. Bila mstari ule, Kull asingekuwa na pa kusimamia. Angesema maji yaliyotoka ni mengi, Kampala ingejibu ni ya kawaida, na mjadala ungeishia hapo. Karatasi ya kikoloni ndiyo iliyomwezesha mvuvi wa Mwanza kuwa na dai lenye namba.

Na uzito wa ziada hiyo unahitaji kufikiriwa taratibu, maana kwa siku moja hauonekani. Ziwa lina karibu kilomita za mraba 69,000. Tuseme bwawa limezidisha mita za ujazo 500 kwa sekunde juu ya mchoro. Kwa siku hiyo ni milimita 0.6 hivi ya ziwa. Hakuna mtu atakayeiona. Wimbi la boti ya dagaa ni kubwa kuliko hapo. Kwa mwaka ni zaidi ya sentimita 20, na kwa miaka miwili zaidi ya 40. Kwenye pwani zilizo tambarare, sentimita 40 za kwenda chini ni umbali mrefu wa kutembea kwenye matope.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayodhoofisha kilio cha 2020. Kati ya Oktoba 2019 na mwisho wa Aprili 2020 ziwa lilipanda mita 1.32, na Mei kipimo cha Jinja kikasoma mita 13.42, sentimita moja juu ya rekodi ya 1964. Uganda ilipandisha uachiaji hadi mita za ujazo 2,400 kwa sekunde. Ni maji ya kutisha ukiyatazama yakipita, lakini yagawe kwa eneo la ziwa: milimita tatu kwa siku. Hata kama mvua na mito vingelingana kabisa na maji yanayopaa kwa jua, kuiondoa mita ile na ziada yake kwa mwendo huo kungechukua zaidi ya mwaka. Sehemu kubwa ya maji ya Ziwa Victoria huja kwa mvua inayolinyeshea lenyewe, na sehemu kubwa hupotea hewani. Malango ni mkono mdogo sana. Yanaweza kudhuru polepole kwa miaka. Kuokoa kwa wiki hayawezi. (Aprili ileile, kisiwa cha mafunjo na matope kilichokatika kandoni mwa ziwa kilielea hadi Nalubaale, kikaziba mitambo, na Uganda nzima ikaingia gizani. Mwenye malango!)

Wanaotaka ziwa lishikwe palepale wanasahau pia tabia ya mvua zetu. Harold Hurst, Mwingereza aliyefanya kazi Misri miaka mingi, alipochambua kumbukumbu za Nile aliona kwamba miaka ya maji hufuatana na miaka ya kiu hufuatana, kuliko bahati tupu ingeruhusu. Ukipanga kushikilia kina kimoja katika hali kama hiyo, utakuwa unapambana na mfululizo wa miaka. Na ukipambana kwa amri za vikao utachelewa. James Clerk Maxwell alionyesha mwaka 1868, akichunguza vidhibiti mwendo vya mashine, kwamba udhibiti uliopangwa vibaya unaweza kuzalisha myumbo unaokua badala ya kuuzima. Kuchelewa ni sababu moja kubwa ya hali hiyo. Fungua yote leo kwa sababu Kisumu imelowa, na athari yake utaikuta miezi mingi baadaye, pengine mvua zikiwa zimeshakata.

Hoja ninayoiona nzito kuliko zote upande wa pili inatoka chini ya mto, na huku kwetu haisemwi sana. Mchoro hauondoi mafuriko, unayapeleka mbele. Ziwa lilipopanda kati ya 1961 na 1964, maji yaliyotoka Jinja yaliongezeka karibu maradufu, vinamasi vya Sudd, huko Sudan Kusini ya leo, vikapanuka zaidi ya maradufu, na malisho ya Wadinka na Wanuer yakazama. Hakuna aliyewauliza. Figo ina heri: kinachotoka hakiendi kwenye nyumba ya mtu. Upungufu mwingine ni kwamba mchoro unajibu kina cha leo tu, haujui mvua ya kesho. Mwili unajua zaidi. Kongosho huanza kutoa insulini chakula kikiwa bado mdomoni, kabla sukari haijafika kwenye damu. Kama utabiri wa mvua wa miezi mitatu umekuwa wa kuaminika kiasi, sioni dhambi kuuongezea mchoro kipengele cha kutazama mbele, mradi kiandikwe wazi kama ulivyo wenyewe, na Juba iwe na kiti mezani safari hii.

Hiyo ni kuurekebisha. Kuutupa ni jambo jingine, na sababu ya kuutupa imepungua. Mwaka 2005 maji ya Jinja yalizalisha umeme mara moja, pale Jinja, kisha yakaenda zake. Leo maji hayohayo yanapita Bujagali, Isimba na Karuma, kila kituo kikiyatumia tena, kwa hiyo kila megawati inadai maji machache kuliko ilivyokuwa. Upande wa pili wa jambo hilo ni kwamba wenye mitambo ya kungoja maji wamekuwa wengi. Tangu 2019 ziwa limekuwa juu, 2024 likavunja tena rekodi, na maji mengi hayamjaribu mtu. Miaka ya kiu ikianza kufuatana, simu zitakazopigwa Jinja zitatoka vituo vitano badala ya viwili.