Nimeshonwa Tena

Jamani, aliyeupa mmea ule jina la kishona nguo alikuwa na masihara. Mshonaji hukupima kwanza. Huyu hakupimi wala haulizi kitambaa. Unakatiza majanini hatua kumi tu, ukitoka umeshatariziwa kuanzia soksi mpaka mapajani.

Leo nimekaa kwenye ngazi robo saa nzima najichambua kama nyani mwenye viroboto. Ukiibandua mbegu, inang'ang'ania kidole. Ukiitoa kidoleni, inahamia mkono wa pili. Ukijipangusa kwa hasira, imerudi kwenye suruali! Nimeitazama kwa karibu: kijisindano cheusi, kichwani kina meno mawili, mara nyingine matatu, na kila jino lina vimiba vilivyogeuka nyuma kama ndoana. Kuingia karibu, kutoka mpaka uache nyuzi. Hata jina la kitaalamu, Bidens pilosa, linakiri: Bidens maana yake meno mawili. Mtaalamu wa mimea Linnaeus aliliandika mwaka 1753. Miaka yote hiyo tunajua kuwa kitu kinauma, na bado tunakatiza majanini.

Na ua lake lilivyo pole sasa! Katikati njano, pembeni petali nyeupe chache, ungedhani halijui kitu.

Nilishajaribu kung'oa. Mmea wenyewe hata mwaka haumalizi, lakini mmoja unaweza kuacha mbegu zaidi ya 3,000. Tena zimegawana zamu: zile ndefu za katikati huota upesi, zile fupi za pembeni hujilalia udongoni zikisubiri. Kwa hiyo mimi nikisimama na jembe nikijisifu, zamu ya pili iko chini ya miguu yangu inanisikiliza.

Asili yake ni bara la Amerika, leo umejaa nchi za joto dunia nzima. Nauli haukulipa. Ulipanda manyoya ya wanyama, na suruali za watu kama mimi.

Mke wangu kapita.

"Hizo mbegu unazitupa wapi?"

"Chini."

"Chini wapi, mume wangu?"

Nikatazama. Mlangoni kwetu. Kwenye ufa wa ngazi tayari kuna vimche viwili, vya mavuno ya suruali iliyopita.

Sasa naziokota moja moja. Nimepata 17. Ya 18 nadhani nimeikalia.