Mashahidi mia walioambiwa na mtu mmoja

Jioni ya mwandamo wa mwezi, watu mia wakija kutoa habari kwamba umeonekana, huulizwa kwanza ni nani hasa aliyeuona kwa macho yake. Ikidhihirika kwamba wote wameambiwa na mtu mmoja aliyesimama ufukweni, basi shahidi ni yule mmoja tu, naye huenda aliona ukingo wa wingu. Mfano huu ndio ninaoutumia kila ninapoeleza jinsi niuroni, yaani seli za neva, za gamba la hisi la ubongo (tabaka la nje linalopokea habari za macho na hisi nyingine) zinavyoshirikiana, kwa kuwa maelezo tuliyozoea, ya niuroni nyingi zinazopiga kwa pamoja kama askari wa gwaride, naamini yanatupotosha.

Niuroni moja peke yake haitegemeki. Mnyama akionyeshwa mstari uleule mara kumi, niuroni ileile ya gamba la kuona hutoa idadi tofauti ya mipigo, yaani ishara fupi za umeme, karibu kila mara. Dawa inayokuja haraka akilini ni kukusanya majibu ya niuroni nyingi na kutafuta wastani, ili makosa ya hii yafutwe na makosa ya ile. Lakini mwaka 1994 Ehud Zohary, Michael Shadlen na William Newsome, waliorekodi jozi za niuroni katika eneo la ubongo wa kima linaloshughulikia mwendo, waliona kwamba niuroni jirani hukosea pamoja, na uwiano wa kupanda na kushuka kwa mipigo yao ulikuwa wastani wa 0.12, ambapo 0 ni kila moja kwenda kivyake na 1 ni kufuatana kabisa. Ni namba ndogo, nami nilipoisoma mara ya kwanza niliipita tu. Hesabu yao ndiyo iliyonirudisha: uwiano huo mdogo unatosha kufanya kwamba, ukishafika niuroni kama 100, kuongeza nyingine hakuleti faida ya maana. Wote waliobaki wamesikia kwa mtu wa ufukweni.

Kwa hiyo uratibu una kazi mbili, na ya pili ndiyo tunayoisahau: niuroni lazima ziunganishwe ili zisaidiane, na papo hapo zizuiwe zisifuatane mno. Takriban niuroni nne katika kila tano za gamba hilo huchochea nyingine, na ile ya tano hutuliza, kwa kemikali iitwayo GABA. Mwaka 2010 Alfonso Renart na wenzake walionyesha, kwa hesabu na kwa vipimo vya panya, kwamba utulizaji huufuata uchocheaji unyounyo, hivyo mtikisiko unaozifikia niuroni nyingi kwa wakati mmoja hufutwa kabla haujaziburuta zote. Makini nayo hufanya kazi inayofanana na hiyo. Marlene Cohen na John Maunsell walikuta mwaka 2009 kwamba kima anapoelekeza makini mahali fulani, uwiano kati ya niuroni za eneo hilo hupungua, na upungufu huo ulieleza sehemu kubwa ya ubora wa uonaji wake kuliko kuongezeka kwa mipigo yenyewe.

Siupuuzi ugunduzi wa Charles Gray na Wolf Singer, waliotangaza huko Frankfurt mwaka 1989 kwamba niuroni za paka zilizo mbalimbali hupiga kwa mdundo mmoja, kama mara 40 kwa sekunde, zinapoona kitu kimoja. Ninachokataa ni kuufanya mdundo huo kuwa maelezo ya kila kitu.

Kukosea pamoja nako hakuna uzito mmoja. Kazi ya Rubén Moreno-Bote na wenzake ya mwaka 2014 ilibainisha kwamba kosa la pamoja linaloumiza kweli ni lile linalofanana na badiliko la kitu chenyewe, yaani lile wingu lenye umbo la mwezi. Mengine ubongo unaweza kuyachuja. Kulipata kosa hilo kwa vipimo ni kazi ngumu, maana ni dogo na limejificha kati ya mengi. Ndiyo maana ramani ya milimita moja ya ujazo ya gamba la kuona la panya, iliyotolewa mwaka 2025 ikiwa na seli zaidi ya 200,000 na viungo vya kuunganisha seli hizo zaidi ya milioni 500, pamoja na rekodi za mipigo ya niuroni zipatazo 75,000 za panya yuleyule, imenipa hamu kubwa. Sasa tunaweza kuzichukua niuroni mbili zinazokosea pamoja, tukafuata nyuzi zake, tukatazama kama zinakutana kwa shahidi mmoja.