Gari Lililotoa Wosia

Kwanza tuelewane. Ile video ya sekunde 40 inayozunguka kwenye magrupu, yenye maneno "MKWE MTARAJIWA ALIPUA SEND-OFF", imerekodiwa na rafiki yangu niliyempa lifti, nikamnunulia maji ya njiani na kumkalisha kiti cha mbele. Hakuna kilicholipuka. Moshi ulikuwepo, ndiyo. Mayowe yalikuwepo, sikatai. Lakini mlipuko haukuwepo, na wala sikulia. Kile kinachong'aa shavuni kwangu ni bawa la kumbikumbi. Nitafika huko.

Mnaonifuata gari mnalijua: Land Rover 109, Series III ya petroli, lile nililolikuta shamba la kahawa kuku wakitagia kiti cha abiria. Mwaka na nusu nimehangaika nalo. Mlinionya humu humu nisidanganyike na bodi, nami nikadanganyika. Bodi ni aluminiamu, kutu ya chuma haiijui, ukiigonga inakujibu vizuri, unatoa hela. Chesisi ndiyo chuma, na ya kwangu ilikuwa imeliwa hadi kidole kinaingia. Tulichomelea mpaka fundi akaanza kuniita "mwanangu" kwa huruma. Hayo yalipita. Ulibaki urembo, na kwenye urembo ndiko anakoishi shetani wangu.

Nikafunga taa sita za ziada. Nne juu ya keria, mbili kwenye ngao ya mbele, kila moja wati 55. Fundi umeme alinieleza kwa upole: "Kaka, hizi zinataka relei, ile swichi ya umeme inayobeba mzigo mkubwa, zinataka fyuzi yake, na waya mnene utoke moja kwa moja kwenye betri. Swichi iwe ya kuiamrisha relei tu, mzigo usipite kwenye swichi." Nikauliza bei. Akataja. Nikasema nitafunga mwenyewe.

Hesabu niliyotakiwa kuipiga siku ile nimeipiga jana. Wati 55 mara 6 ni 330. Gawanya kwa volti 12, unapata ampia 27 na nusu. Swichi niliyoweka imeandikwa ampia 10, kwa maandishi madogo niliyoyasoma kwa tochi baada ya maafa. Waya ulikuwa wa spika, uliobaki nilipofunga redio. Nikaupitisha kwenye tundu moja na waya wa honi, nikaufunga pamoja nao kwa kamba za plastiki, nikasimama pembeni kuusifia unadhifu. Fyuzi... jamani, kwenye fyuzi mnihurumie. Ilikuwa ile karatasi inayong'aa ya ndani ya pakiti ya sigara. Na mimi sivuti. Niliiokota.

Basi, Jumamosi. Send-off, ile sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi, ya dada yake mwenzangu, nyumbani kwao Kibosho, mlimani Kilimanjaro. Mimi pale sijatambulishwa rasmi, mzee ananijua kama "yule kijana wa Arusha". Ilikuwa siku yangu ya kuonekana. Mungu ni mwema, nilionekana.

Mwanzo ulinipendelea mno. Mvua ya kwanza ya vuli ilikuwa imepiga tangu saa tisa, njia ya migombani imekuwa sabuni. Noah mbili na IST moja zimelala kwenye kona, zimejaa mashangazi waliovaa sare. Nikavuta kile kirungu chekundu, gia nzito ikaingia, tairi zote nne zikashika. Nikazipandisha moja baada ya nyingine kwa kamba. Shangazi mmoja akashuka na viatu mkononi, akapiga ubavu wa gari kofi mbili, akasema, "Mwanangu, hili ndilo gari." Mwanaume akishaambiwa hivyo saa kumi na mbili jioni, usiku wake umeshaharibika, hajui tu.

Saa mbili umeme ukakatika. Jenereta la kukodi likakohoa mara tatu, likanyamaza. MC amebaki anapayuka bila kipaza sauti, watu wanamulika sahani kwa simu. Mimi nikasimama. Hakuna aliyeniita. Nataka hilo liandikwe mahali: hakuna binadamu aliyeniita. Nikalisogeza gari hadi ukingoni mwa turubai, nikalielekeza meza kuu, nikawasha zote sita.

Jamani, kulikucha! Vigelegele. Wazee wa mbele walijikinga nyuso kama wanahojiwa kituoni, lakini kwa mkono mmoja, ule mwingine unapiga meza. Mzee mwenyewe akauliza kwa sauti, "Huyu ni nani?" Nikamsikia mwenzangu akilitaja jina langu, lote, hadi la babu. MC akaja akaninong'oneza nizime injini, baba anataka kutoa wosia na hasikiki. Nikazima. Alteneta ikalala, mzigo wote ukabaki kwa betri. Na mimi nimeegemea boneti, mikono kifuani, kama nimezaliwa kwenye ukoo ule.

Sasa nendeni nami polepole, maana kila usiku kichwa changu kinairudia hivi.

Mzee ameushika mkono wa bintiye. Kimya. Unasikia maji yakidondoka kwenye migomba. "Mwanangu, leo unatoka katika nyumba hii." Mama anajifuta. Shangazi wa Noah anajifuta. Kumbikumbi wa kwanza anatua kwenye nywele za bibi harusi. Anapanguswa. Wa pili anatua kwenye miwani ya mzee. Wa tatu sikumhesabu, kwa sababu alikuja na kijiji. Mvua ya kwanza ya vuli, mlima mzima giza, taa inayowaka ni yangu tu. Kumbikumbi wote wa Kibosho usiku ule walipewa anwani moja.

Mgeni mmoja wa Bukoba, meza ya nyuma, akasema bila hata kupunguza sauti, "Wangekuwa senene tungekuchangia petroli."

Rafiki yangu akanigusa kiwiko. "Unasikia harufu?" Nikamjibu ni ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma. Kweli ndafu alikuwa pale pembeni, na majani yake mdomoni, akisubiri zamu yake. Ila ndafu hanuki plastiki. Hilo nililijua moyoni, nikaamua nisilijue.

Mzee ni mtu wa subira. Akavua miwani, akaipangusa kwa tai, akairudisha. "Na huko uendako," akasema, "hata ukikwazwa vipi, usipige kelele. Neno lolote, liseme tarati—"

PAAAAAAAAAAAAAA!

Wakuu, ile siyo honi iliyokuja na gari. Ya asili ilikuwa inalia kama mbuzi mwenye mafua, nikaitoa, nikafunga mbili za kisasa, ili gari liheshimike barabarani. Waya wa spika ulikuwa umeyeyuka ganda ukamkumbatia jirani yake, na mbili zile zikaanza kuheshimika kwa pamoja, hatua nane kutoka kwa wazazi wa bibi harusi, bila kuvuta pumzi.

Nikarukia swichi. Kitufe kilikuwa laini kama ugali wa moto. Nilipokivuta kikaja chote, kimening'inia kidoleni, na taa bado zinawaka. Nikachomoa ufunguo wa gari nikauinua juu watu wauone, sijui kwa nini, labda nilitaka ionekane nashirikiana. Honi inaendelea. Ufunguo haukuhusika, umeme nilikuwa nimeuchukua moja kwa moja kwenye betri, kwa sababu nilisikia ndivyo wanavyofanya wataalamu.

Betri iko chini ya boneti. Na juu ya boneti nani kaweka tairi la akiba, ili gari lionekane la porini? Boneti lile na tairi lake linataka watu wawili na dua. Nililinyanyua peke yangu. Likapanda nusu, likaniangalia, likarudi. Mara ya pili shemeji mmoja mwenye suti ya bluu akaja kunisaidia, moshi ukatupokea usoni. Sasa kufungua kichwa cha betri kunataka spana namba 10. Spana ilikuwa mfukoni mwa rafiki yangu. Na mikono yake miwili, mnajua ilikuwa imeshika nini. Sikilizeni vizuri ile video, kuanzia sekunde ya 22 kuna mtu anapiga kelele "Spana! Spana!" na anayerekodi anacheka. Wale mlioandika "ongeza sauti", nawaona kwa majina.

Aliyetuokoa ni mpishi wa ndafu. Alikuja na kofia yake nyeupe na kisu chake, mwendo wa mtu aliyezoea kazi za namna hiyo. "Wapi?" Nikaonyesha. Akakata.

Taa zikazima. Honi ikaendelea.

Sijui kama mmewahi kusimama gizani totoro, ukweni, kumbikumbi shingoni, na honi mbili zinalia kwa jina lako. Zilikuwa sekunde tano labda. Nilizeeka mle ndani. Kisha nikasikia kisu kikikata tena, na ukimya ukashuka, ule ukimya unaosikika masikioni kama nyuki. Hakuna aliyesema kitu. Ndipo bibi, mama mzazi wa mzee, akasema kutoka gizani kwa sauti ya upole kabisa:

"Endelea, baba. Gari limeshamaliza."

Yaliyofuata sina haja ya kuyarefusha. Ndafu alikatwa kwa mishumaa, kwa kisu kile kile. Pilau liliingia kumbikumbi, waliokula gizani wamelisifia. Betri ilikuwa imekufa. Hendeli ya kuzungushia injini ninayo, ila ngao niliyofunga ili ibebe taa imeziba tundu lake, kwa hiyo nilisukumwa. Mashemeji sita, mteremkoni, saa tano usiku, hadi likawaka kwenye kona ile ile nilikovuta Noah. Suti tatu ziko kwa dobi kwa gharama yangu. Mzee aliniaga vizuri, akanishika mkono akasema "Asante kwa mwanga", na mpaka leo Jumatano sijui alimaanisha nini.

Relei ninazo nne sasa. Nilikuwa mlangoni pa duka Jumatatu kabla mwenyewe hajafungua.

Harusi yenyewe ni Jumamosi hii. Jana mwenzangu kanipigia, kaongea mambo mengine kwanza kwa muda mrefu, halafu kaniambia baba yake ananisalimu, nimealikwa kama kawaida, na nisihangaike na usafiri. Wamenitafutia nafasi kwenye Coaster ya mashangazi. Kiti namba 14.